Ndewe za Ugogo: Historia ya Kutoga na Kuuguza Tundu Katika Uwanda wa Kati

Katika Kiswahili kutoga ni kutoboa sikio, pua au mdomo kwa nia ya kutia pambo, na kwa sababu hiyo neno hili ni zito kuliko kutoboa kwa kawaida: kilichotobolewa chaweza kuzibika kesho, ilhali kilichotogwa hutarajiwa kudumu. Tundu la nyama laini iliyo chini ya sikio huitwa ndewe. Pambo linaloning'inia hapo ni kipuli au hereni, kisahani cha fedha au cha mti kinacholijaza ni jasi, kijiti cha puani ni kipini, na kibonge cha mti kinachokaa katika mdomo wa juu wa mwanamke wa Kimakonde ni ndonya. Kwa vitu lugha imejitosheleza. Kwa kazi inayofuata baada ya mwiba kuchomolewa, yaani wiki na miezi ya kulinda tundu lisizibe, lisioze wala lisichanike, hutumika neno lile lile la kumhudumia mgonjwa yeyote, nalo ni kuuguza. Wageni walioandika juu ya ndewe za Wagogo, watu wa uwanda wa kati wa Tanzania kuzunguka Dodoma, walishangazwa na ukubwa wa tundu, wakapita. Uuguzaji uliolifikisha tundu kwenye ukubwa huo hawakuukalia kitako kuutazama, ingawa ndio uliokuwa kiini cha desturi yenyewe.

Kutoga uso si jambo geni katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 1913 mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck alifukua katika Bonde la Olduvai mifupa ya mtu mzima ambayo wataalamu huiita OH1, na ambayo kwa makadirio yao ina umri wa kati ya miaka 20,000 na 12,000. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba meno ya mtu huyo yamelika upande wa nje, unaoelekea mdomo na mashavu, mahali ambapo chakula hakisagi. Maelezo yanayolingana zaidi na alama hizo ni kwamba alivaa mapambo yaliyopenya mdomo wa chini na mashavu, nayo yakawa yanasugua meno kwa miaka mingi. Nyama ilikwisha oza, mapambo hayakuonekana, na kilichobaki kutoa ushahidi ni hasara iliyopatikana kwenye jino.

Katika nyakati zilizo karibu, mdomo uliotogwa ulikuwa alama ya kusini zaidi kuliko ya kati. David Livingstone aliukuta katika bonde la Mto Shire, ambako pambo hilo liliitwa pelele, na mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliukuta katika nyanda za juu za Wamakonde. Weule alieleza jinsi tundu dogo la mdomo wa juu lilivyotanuliwa kwa ukanda wa jani uliokunjwa kama mkeka mdogo, ambao kwa asili yake hutaka kukunjuka na hivyo husukuma nyama polepole pande zote, hadi tundu lilipoweza kupokea ndonya. Ufundi huo wa kutumia kitu kinachojikunjua chenyewe, badala ya nguvu ya mkono, unastahili kukumbukwa, kwa maana bila kuelewa kanuni hiyo haieleweki ndewe ya Mgogo.

Ugogo ni nchi kavu. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kisha kiangazi hushika kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Wenyeji wake ni wakulima wa uwele na mtama ambao mioyo yao iko kwenye ng'ombe, na kwa karne kadhaa wamekuwa majirani wa wafugaji wa Kimaasai na Waparakuyo, wakipigana nao, wakioana nao na kuazimana nao mitindo ya mikuki, ya kusuka nywele na ya kujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Ndewe iliyotanuliwa ni sehemu ya undugu huo wa sura. Kuuliza nani alimwiga nani hakuna faida kubwa, kwa sababu pande zote mbili ziliifanya kuwa yao.

Karne ya 19 iliiweka sura hiyo mbele ya macho ya ulimwengu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipanda hadi Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji mazuri iliyoitwa Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikatokea kwenye pori la Mgunda Mkali upande wa magharibi. Katikati ya ukame wa pande hizo mbili watemi wa Kigogo walishikilia visima na vyakula, na kila msafara uliopita ulilazimika kutoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa doti za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, aliandika kwamba alama ya Wagogo ilikuwa kukosa meno mawili ya mbele ya chini, lakini watu waliwatambua zaidi kwa masikio yao. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone, na Verney Lovett Cameron mwaka 1873. Wote wawili walirudia habari ya masikio, na Cameron ndiye aliyekaribia zaidi kulielewa jambo alipolinganisha ndewe ya Mgogo na mfuko wa nguo wa mtu anayevaa nguo zilizoshonwa.

Mlinganisho huo ulikuwa na kejeli ndani yake, lakini ulikuwa sahihi. Mtu anayejitanda shuka au ngozi hana mfuko, na mchungaji anayeshika mkuki kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine anahitaji mahali pa kuweka vitu vidogo. Ndani ya ndewe kulikaa kipande cha tete, kisahani cha mti, kibuyu chembamba cha ugoro, yaani tumbaku iliyosagwa ya kunusa, au mzunguko wa waya wa shaba. Waya huo unastahili kutazamwa kwa karibu: ulisafiri kwa meli hadi Unguja, ukavushwa hadi Bagamoyo, ukapanda mabegani mwa wapagazi kwa wiki kadhaa, ukatolewa kuwa hongo mbele ya mtemi, na mwisho wa safari yote hiyo ukatulia katika sikio la mtu wa Ugogo, ambako msafara uliofuata uliuona na kuuita ushenzi. Sikio lilikuwa, kwa namna fulani, stakabadhi ya ushuru iliyovaliwa hadharani.

Hapa yafaa kusema waziwazi kwamba dharau ya watu wa pwani kwa masikio ya bara ilikuwa na upofu wake. Wanawake wa Unguja, Lamu na Bagamoyo wa wakati huo huo walitogwa matundu kadhaa kuzunguka ukingo wa sikio, wakayajaza vikunjo vya karatasi za rangi au jasi za fedha, na pua zao zikavaa vipini vya dhahabu. Tofauti baina ya sikio la Unguja na sikio la Ugogo ilikuwa ya kipimo na ya thamani ya madini, wala haikuwa tofauti ya ustaarabu na ushenzi. Lakini mwenye kalamu na mwenye bidhaa ndiye aliyechagua neno.

Namna ya kulipata tundu lenyewe ni fupi kusimulia. Mahali pengi katika bara la Afrika Mashariki mtoto alitogwa angali mdogo, na kwa wafugaji ilikuwa kabla ya jando, kwa mwiba mrefu wa mti wa jamii ya migunga au kwa chuma chenye ncha. Nyama ya ndewe haina gegedu, yaani ule mfupa laini unaoifanya sehemu ya juu ya sikio isimame. Ni ngozi na mafuta tu, yenye mishipa midogo, na kwa hiyo maumivu yake ni mafupi na damu yake ni kidogo. Wamaasai hutoga hata sehemu ya juu ya sikio, ambako gegedu huchelewa kupona kwa miezi mingi, ilhali ndewe hufunga ngozi ya ndani ya tundu katika wiki sita hadi nane hivi ikitunzwa. Tukio zima la kutoga humalizika kabla mtoto hajamaliza kulia.

Kazi ilianza hapo. Kidonda cha kawaida huponywa kwa kuachwa kizibe, na mwili wote hufanya bidii kuelekea huko. Kidonda cha ndewe kinatakiwa kipone bila kuzibika, yaani ngozi iote kuzunguka ukingo wa tundu mpaka ndani, kama bitana inavyoshonwa ndani ya mkono wa koti. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kutoliacha tundu tupu hata kwa usiku mmoja: kijiti chembamba au bua la nyasi kavu lilipitishwa mara tu mwiba ulipotoka, nalo likabaki. Jambo la pili lilikuwa kukizuia kigaga, yaani damu na usaha uliokauka, kisilishike bua hilo, kwa maana likizungushwa kwa nguvu huchana ngozi changa na kidonda huanza upya. Katika nchi yenye maji ya kutosha kigaga kingelainishwa kwa kuoshwa. Katika nchi ambayo maji ya kiangazi hufukuliwa mchangani kwenye mito iliyokauka, mafuta yalikuwa karibu zaidi kuliko maji. Samli na mafuta ya mnyama, na mahali pengine mafuta ya mbarika, yalipakwa mpaka bua liteleze lenyewe, na mafuta hayo hayo yaliifanya ngozi iwe laini kwa utanuzi uliokuwa ukingoja.

Kulikuwa pia na adui mwenye mabawa. Mahali penye mazizi pana nzi, na wilaya ya Kongwa, upande wa mashariki wa Ugogo, imejulikana kwa watafiti wa afya tangu miaka ya 1980 kwa wingi wa trakoma, ugonjwa wa macho ambao nzi wanaotua usoni mwa watoto huusambaza. Nzi anayelipenda jicho bovu halikwepi sikio bichi. Mtoto aliyetogwa hakuweza kujiangalia sikio lake mwenyewe, wala kioo hakikuwepo, na kwa hiyo ndewe ilihitaji jicho la mtu mwingine kila siku: mama, bibi au dada mkubwa, aliyeligeuza sikio kwenye mwanga, akanusa kama kuna harufu, akagusa kama kuna joto, akafukuza nzi, akapaka mafuta. Kwa maana hiyo tu msemo wa wahenga kwamba sikio la kufa halisikii dawa ulikuwa na maana ya moja kwa moja. Sikio lililopuuzwa katika wiki ya kwanza lilipoteza ndewe, na mwenyewe alibaki hivyo maisha yake yote.

Hatari iliyozidi usaha ilikuwa pepopunda, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyoishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, ambavyo vikiingia kwenye kidonda huikaza misuli ya mwili, taya ikiwa ya kwanza. Hapa ndipo desturi mbili za mwili zinapokutana kwa namna ambayo Burton, aliyeziorodhesha pamoja, hakuiona. Maelezo yanayotolewa mara nyingi na Wamaasai kuhusu kung'oa meno mawili ya chini ni kwamba pengo hilo humwezesha mgonjwa aliyekazwa taya kunyweshwa maziwa au dawa. Kama hiyo ndiyo asili ya desturi au ni maelezo yaliyofuata baadaye, haibadilishi ukweli kwamba watu waliotoga masikio yao katikati ya mazizi walikuwa wanaijua pepopunda, na walikuwa na jibu lao.

Baada ya tundu kupona ndipo utanuzi ulipoanza, na huu haukupimwa kwa siku bali kwa miaka. Bua lilifuatwa na kijiti, kijiti kikafuatwa na kijiti kinene zaidi, kisha tete, kisha kisahani cha mti au shingo ya kibuyu. Ngozi hukubali kuongezeka ikivutwa kidogo na kuachwa muda, kwa sababu hujenga nyama mpya kufuata mvuto. Ikivutwa kwa haraka huwa nyembamba upande mmoja, hupasuka, na kovu linaloota hapo ni gumu kuliko ngozi ya kwanza, hivyo halitanuki tena. Ukanda wa jani wa Wamakonde na ngazi ya vijiti ya wafugaji ni njia mbili za kuifikia kanuni hiyo moja. Ndewe iliyofika begani bila kovu, yenye ukingo mnene ulio sawa pande zote, ilikuwa ushahidi wa subira ya mwenyewe na ya waliomlea, na mzee aliyeitazama aliweza kuusoma utoto wa mtu mzima aliyesimama mbele yake.

Kuporomoka kwa desturi hii hakukuwa na siku moja. Wamisionari wa Church Missionary Society waliweka kituo Mpwapwa katika miaka ya 1870, Wajerumani wakajenga boma, kodi ya nyumba ikaingia mwaka 1898, reli ya kati ikafika Dodoma karibu na mwaka 1910, na vijana wakatoka kwenda kutafuta fedha kwenye reli na mashamba ya mkonge. Vita Kuu ya Kwanza ilichukua wapagazi, ng'ombe na nafaka, ikafuatwa na njaa kuu ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyowaua watu wengi na kuzitawanya familia zilizokuwa na kazi ya kuuguza masikio ya watoto. Shule za misheni ziliitazama ndewe kubwa kama alama ya upagani, na baada ya uhuru serikali nayo ilikuwa na haraka yake: kampeni ya mavazi ya mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwalenga Wamaasai hasa, na Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamishia Wagogo katika vijiji vya ujamaa. Mathias Mnyampala, mshairi na mwana wa Ugogo, alipochapisha mwaka 1954 kitabu chake kwa Kiswahili juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, alikuwa tayari anaandika juu ya mambo ambayo kizazi cha shule kilikuwa kinayaacha.

Pamoja na nguvu hizo zote, kisu kilichoikata desturi hii huenda kilikuwa kidogo kuliko boma na misheni, nacho ni mfuko wa kaptula. Mtu mwenye mfuko hahitaji kubeba ugoro sikioni, na mlinganisho wa Cameron ulitimia kwa kugeuzwa: nguo ikaja, na sikio likaachishwa kazi. Ndewe zilizokwisha tanuliwa zikawa mzigo kwa waliotaka ajira za mjini. Wengine walizikunja juu ya sikio ili zisining'inie, na wengine walizipeleka hospitali zishonwe, kwa sababu ngozi iliyovutwa kupita kiasi hairudi yenyewe. Upasuaji wake ni mdogo: ukingo uliopona hukatwa upya uwe kidonda kibichi, kisha pande mbili hushonwa pamoja ili ziungane. Yaani daktari hufanya kile kile ambacho mama wa mtoto aliyetogwa alikesha kukizuia.

Leo wasichana wa Dodoma, kama wa Tanzania nzima, hutogwa masikio wangali wachanga kwa tundu dogo la hereni, na vijana wa mijini wameanza kutoga hata mdomo, kwa kipini chenye kichwa kidogo nje na kisahani ndani, ambacho kwa umbo hakiko mbali na kile kinachodhaniwa kuwa kilivaliwa na mtu wa Olduvai. Sindano safi inayotumika mara moja na kutupwa ni bora kuliko mwiba, kwa kuwa sindano ya kuazimana hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Kilichopungua ni mwuguzaji. Anayetogwa hulipa, hurudi chumbani kwake peke yake, na hujitazama kwenye kioo cha simu.

Nao mdomo ni mgumu kuuguza kuliko ndewe: upande wa ndani ni utando laini unaoloa mate na mabaki ya chakula, upande wa nje ni ngozi inayoshikwashikwa na mikono, na kisahani cha ndani kikiachwa kigonge ufizi hufanya kwa miaka michache kile kilichoonekana kwenye meno ya OH1. Tundu lake huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kupona. Wiki ya kwanza mdomo huvimba, ndiyo maana kipini cha mwanzo huwa kirefu na hubadilishwa kwa kifupi uvimbe ukiisha. Nje huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yenye robo kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, ndani husukutuliwa kila baada ya kula, na sigara, ugoro na pombe huwekwa kando. Ukitoka usaha wa kijani, au homa ikapanda, mwenye tundu aende hospitali na kipini kikiwa mahali pake, kwa sababu kikichomolewa kabla daktari hajaona, tundu hujifunga juu na usaha hubaki ndani.